Nguzo Isiyo na Mguu

Sehemu ya tisa

Wiki iliyopita nilikatisha pale pale nilipotaka mimi, na nasikia wapo waliolikunja gazeti kwa hasira na kulifungia vitumbua. Haya, likunjueni. Shahenda yuko palepale tulipomwacha, ofisini kwake, mkono mdomoni, anatazama skrini ya kompyuta. Chai imempoa. Nje, dhoruba ile ambayo watu wa Iskandaria huiita Fagio inang'oa mabango na kuyatembeza barabarani.

Kwenye skrini limesimama Jengo la Mgiriki, la mtaa wa Attarin, alimozaliwa baba yake na anamoishi bibi yake mpaka leo. Kazi ya Shahenda ndiyo hiyo. Huchukua ramani iliyolala kwenye karatasi na kuisimamisha ndani ya kompyuta: mstari unakuwa ukuta, kijisanduku kinakuwa nguzo, na mtu anatembea ndani ya nyumba kama mpangaji.

Na yeye alikuwa ametembea humo hadi chumba cha bibi yake. Akaukata ukuta wa kitandani aone ndani yake kuna nini. Akaona nguzo inaning'inia.

Ilishuka kutoka paani, ghorofa kwa ghorofa, nene, nyeusi, hadi kwenye dari ya duka la chini. Hapo ikakatika. Chini yake hewa tupu.

"Injinia!" aliita. "Hebu njoo uone."

Injinia Raafat, mwenye ofisi, alikuja na mkate wa maharage mkononi. Huyu ni mtu wa utani hata msibani. Aliinama, akatafuna, akacheka.

"Nguzo hiyo ina mbawa au?"

"Ndivyo ramani ya duka inavyosema. Juu kote nguzo imejazwa weusi. Chini ni kisanduku kitupu, mstari mwembamba tu, kama kabati."

"Ramani ya duka kachora nani?"

"Mtu wa mapambo wa Haji Shinnawi, mwenye duka."

"Basi! Mtu wa mapambo! Yule akichora kitanda anasahau godoro. Kasahau kuijaza, yamekwisha. Mwezi uliopita, ulipolisimamisha jengo mara ya kwanza, ulifanyaje?"

"Niliijaza mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha. Ghorofa za juu zina ramani moja, tunainakili na kuibandika mpaka paani. Ya chini ikikataa kulingana, tunaifuatisha ya juu."

"Nilikufundisha vibaya?"

Nisiwafiche, wasomaji wangu, kila ofisi ya michoro mjini humo hufanya hivyo hivyo. Karatasi mbili zikigombana, ile iliyo peke yake hulazimishwa ifanane na zile nyingi. Hakuna anayevaa viatu akashuka kwenda kutazama jengo lenyewe.

"Jaza, umalize," alisema Raafat. "Haji anataka filamu ya duka lake, vitanda vinang'aa, taa zinawaka. Hajaomba mambo ya mizimu."

Alipotamka mizimu, kidole cha Shahenda kikasita juu ya kitufe.

Maana Ijumaa iliyopita bibi yake huyo, Bibi Bahiga, alimwambia jambo, naye akalichekea. Alimwambia milango ya makabati siku hizi inajifungua. Dengu akizimwaga mezani kuzichambua zinatembea zenyewe kwenda upande wa dirisha. Na ukutani, nyuma ya kitanda, kuna anayegonga. Majirani nao walisikia, wakamleta sheikh akasoma dua ngazi nzima, wakachoma ubani, wakamwaga chumvi kwenye pembe. Jini limehamia jengoni, walisema.

Limehamia lini? Baridi iliyopita.

Na Haji Shinnawi alilipanua duka lake lini? Baridi iliyopita.

Shahenda aliondoa kidole kwenye kitufe. Alivaa koti, akachukua mkoba, akatoka bila mwavuli.

"We, Shahenda! Filamu ya watu!" Raafat alipiga kelele nyuma yake. Hakugeuka.

* * *

Duka la Haji Shinnawi huuza vyumba vizima vya maharusi: kitanda, kabati, meza ya kujipodoa, vyote vya dhahabu na maua kama keki. Haji mwenyewe alikuwa amekaa juu ya kitanda kisichouzika, akivuta shanga za tasbihi.

"Karibu, binti wa watu! Umelowa kama kuku. Bibi mzima?"

"Mzima. Haji, nataka kuiona nguzo."

"Nguzo ipi tena?"

"Ya chini ya chumba cha bibi."

Haji alijipiga paja akacheka. "Si hiyo nyuma yako! Umeipita sasa hivi, umejitazama humo ukarekebisha mtandio."

Shahenda aligeuka. Ni kweli. Ilisimama pale katikati ya vitanda, imetoka sakafuni hadi darini, imevalishwa vioo pande zote nne. Alishukuru Mungu kwa sauti, akampigia Raafat simu.

"Ipo, Injinia. Nguzo ipo."

"Iulize kama ina mbawa. Rudi kazini, mwehu wewe."

Alicheka peke yake. Alitaka kujifuta mvua usoni kabla ya kutoka, akasogea kwenye kioo cha nguzo. Kicheko kikamkauka.

Ndani ya kioo, kichwa chake kilikuwa kimehama kutoka kwenye shingo. Kidogo tu, upana wa kidole. Alidhani ni macho. Alisogea kulia, kichwa kikamfuata, bado hakikukutana na shingo. Kipande cha juu cha kioo kilikuwa kimeteremka na kukilalia cha chini, kama kitu fulani kinakisukuma kutoka darini.

Shahenda alikunja kidole, akagonga.

Zege huumiza kidole na kukaa kimya. Hii ilimjibu kama kopo tupu la biskuti.

Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Haji Shinnawi aliuziba wake, tena kwa vioo.

"Haji. Nguzo iko wapi?"

"Si hiyo unayoi..."

"Hii ni jipsamu. Nakuuliza, nguzo iko wapi?"

Haji alimvuta nyuma ya kabati la nguo, akateremsha sauti. "Ilikuwa nene, inaziba dirisha la mbele. Mtu anapita barabarani haoni kitanda. Sasa unamuuzia nani kitanda kisichoonekana? Hii ya vioo nyembamba, tena inakionyesha. Lakini fundi kaweka bomba la chuma ndani yake. Bomba nene, Wallahi, hivi!" Alipima kwa viganja viwili. "Na Mgiriki alijenga ngome, si nyumba. Nguzo moja haiangushi ngome."

"Bibi yangu analala juu yake!"

"Na ukimtoa leo, mvua hii, atalala wapi? Wakija wakubwa wanabandika karatasi mlangoni, jengo limefungwa, na wote hao barabarani na magodoro yao. Watakulaani wewe, si mimi. Halafu kabla hujanipigia kelele, tazama pale."

Alinyoosha tasbihi ukutani. Palikuwa na picha kubwa katika fremu ya dhahabu.

Shahenda aliitambua kabla hajaifikia. Ni Jengo la Mgiriki, lile la mwezi uliopita, alilolisimamisha yeye kwa mikono yake. Zuri, limekatwa katikati kama muwa, na nguzo ile nyeusi imeshuka hadi chini, imekanyaga ardhi kwa mguu aliouchonga yeye. Pembeni jina la ofisi yao.

"Majirani walipokuja kunililia nyufa," alisema Haji, "niliwaonyesha hiyo. Nikawaambia, hata kompyuta ya mjukuu wa Bibi Bahiga imeiona nguzo, nyinyi mnaona nini? Wakaridhika. Wakaenda kutafuta sheikh."

Aibu ilimpanda Shahenda hadi masikioni, na nyuma ya aibu hasira. Jini la jengo lile lilikuwa na wazazi. Baba yake ni Haji, na mama yake ni yeye.

Ko.

Mlio ulitoka juu, ndani ya dari.

Ko. Ko.

Vumbi jembamba likashuka, likatua juu ya mto wa hariri wa bibi harusi ambaye hajulikani. Haji Shinnawi alisema Bismillahi, tena kwa sauti ya mtu asemaye hivyo kila siku saa hizo. Kumbe naye alikuwa akisikia.

Shahenda hakumngoja. Alirudi kwenye nguzo, akaingiza vidole pale kioo kilipoachana, akavuta. Kipande kikaanguka na kupasuka. Ndani lilikuwemo bomba la Haji. Lilikuwa limepinda kama goti la mtu aliyechoka kubeba gunia.

Alilipiga picha, akamtumia Raafat. Alitegemea utani. Jibu lilikuja bila utani hata chembe.

"Watoe watu. Nakuja."

* * *

Mlinzi wa mlango, mzee Bakhit, alikuwa chumbani kwake chini ya ngazi, kanzu imefungwa kiunoni, anasukuma maji ya mvua kwa ufagio. Ni mtu wa kusini, wa Qena, na amewalinda watu wa jengo hilo tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Mzee Bakhit, jengo linaanguka. Watoe watu wote."

"Linaanguka kwa nini?"

"Nguzo imekatwa dukani."

Bakhit alimtazama kwa huruma. "Binti yangu, watu hawa nawajua. Ukiwaambia nguzo, mwanasheria wa ghorofa ya nne atataka ushahidi, na mama wa ghorofa ya pili atasema wali wake uko jikoni. Subiri."

Alisimama katikati ya ngazi, akavuta pumzi, akatoa sauti iliyolala kifuani mwake miaka mingi.

"Gesi! Enyi watu, gesi! Inavuja! Msiwashe hata taa!"

Toba, mngeliona jengo lile! Milango ilifunguka yote kwa pamoja. Walishuka na watoto, na mito, na sufuria, mmoja amevaa kiatu cha mkewe. Mama wa ghorofa ya pili alikuwa amelishusha tundu la chiriku wake kwa kamba kutoka roshani, ndani ya kikapu cha kununulia mboga, kabla yeye mwenyewe hajashuka. Walimpita Shahenda wakimsukuma huku na huku. Yeye alikuwa anapanda.

Mtu mmoja hakuwemo katika wale waliokuwa wakishuka.

Bibi Bahiga alikuwa amekaa kitandani, mgongo ameuegemeza ukutani, kikombe cha kahawa mkononi. Hakuinuka.

"Bibi, twende, gesi!"

"Hakuna gesi. Bakhit akidanganya sauti inampanda, tangu ujana wake. Kaa unywe kahawa."

Ko. Ko.

Ndani ya ukuta. Shahenda aliusikia ubao wa kitanda ukitetema chini ya kiganja chake.

Bibi alitabasamu. Aliinua mkono, akaugonga ukuta kwa pete yake, taratibu, mara mbili. "Nakusikia, Shukri. Ngoja kidogo, nina mgeni."

Marehemu Babu Shukri alikuwa dereva wa tramu. Alipotoka zamu ya usiku alikuwa haingii chumbani kama mwizi. Alisimama ukumbini, akaugonga ukuta huo kwa pete ya ndoa, ili mkewe asishtuke. Ndivyo alivyofanya maisha yake yote, mpaka alipofia kitandani hapohapo. Baridi ya kwanza bila yeye ilipita kimya. Ya pili, ukuta ukaanza kugonga.

"Bibi, nisikilize. Huyo si Babu."

"Utasema jini. Sheikh naye kaniambia jini. Nikamuuliza, jini gani hilo linalobisha hodi kwa adabu hivyo?"

"Wala si jini. Ni nguzo. Iko humo ukutani. Haji Shinnawi kaikata chini, haina pa kukanyaga, na imebeba ghorofa zote zilizo juu yetu. Inateremka kidogo kidogo. Ndiyo inayogonga."

Bibi Bahiga alikiweka kikombe chini, polepole, kwa mikono miwili.

"Kaikata lini?"

"Baridi iliyopita."

"Baridi iliyopita ndipo aliporudi."

"Ndiyo, Bibi."

Uso wa mzee ulibadilika. Shahenda aliwahi kuuona uso huo mara moja tu, siku ya mazishi. Alijiona anamuua babu yake mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake mwenyewe. Alitamani aseme nimekosea, samahani, endelea na kahawa. Hakuweza.

"Unadhani mimi nina wazimu?" aliuliza Bibi kwa upole. "Mimi ndiye niliyemfumba macho. Najua alikolala. Lakini wewe unakuja Ijumaa, na simu mkononi. Baba yako yuko Kuwait, nasikia sauti yake siku ya Idi. Huyo wa ukutani ndiye anayenijulia hali kila siku."

"Nitakuwa nakuja kila siku. Sasa hivi unakuja kukaa kwangu. Inuka, mpenzi wangu, tafadhali."

"Na akija asinikute?"

"Hatakuja, Bibi! Hajawahi kuja hata siku moja!"

Neno lilimtoka kwa ukali kuliko alivyotaka. Bibi alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kwenye uso huo mtoto aliyemlea.

"Nipe koti langu zuri," alisema mwishowe. "Sitoki barabarani kama niliyefukuzwa."

Alichana nywele. Alifunga vifungo vyote. Shahenda alitaka kumbeba, lakini alivumilia, maana aliona akimharakisha atakaa tena. Walipotoka ukumbini Bibi alisema, "Funga. Zungusha mara mbili. Vitu vyake vimo humo." Shahenda alizungusha ufunguo mara mbili, akautia ndani kabisa ya mkoba, akavuta zipu. Bibi aliweka kiganja juu ya mlango, midomo ikimchezacheza. Kisha akashuka, ngazi moja moja, mguu mbaya akiuburuta.

* * *

Mkahawa wa ng'ambo ya barabara ulijaa wakazi wa Jengo la Mgiriki. Walikuwa wamekaa chini ya turubai, wakilaumu gesi, wakilaumu serikali, wakimlaumu chiriku kwa kelele. Haji Shinnawi alisimama mvuani, akilitazama duka lake kama mtu anayetazama meli ikiondoka na mizigo yake. Waokoaji walishaitwa, lakini Fagio lilikuwa limegeuza barabara kuwa mito na magari yao yamekwama njiani.

Injinia Raafat alifika kwa miguu, suruali imelowa hadi magotini. Aliingia dukani. Alipotoka, ile sura ya utani tunayoijua wote haikuwepo.

"Mungu anisamehe," alimwambia Shahenda. "Hakuna wa kuingia tena. Hata kufuata dhahabu."

"Wote wametoka?"

Mzee Bakhit ndiye aliyejibu. Aliwahesabu ghorofa kwa ghorofa kwa kidole, na mzee huyu anawajua watu wake hata kwa takataka zao. "Wote. Wallahi, mpaka paka wa mwanasheria. Humo ndani hakuna kiumbe."

Shahenda alipumua. Alijipanga kwenye foleni ndefu ya chai, akapokea glasi ya moto kwa mwenye mkahawa, akaitia sukari nyingi kama Bibi apendavyo, akageuka kumpa.

Kiti kilikuwa kitupu.

"Bibi?" Alitazama chini ya turubai, nyuso zote. "Bibi yuko wapi? Nani kamwona bibi yangu?"

Mama wa chiriku alinyoosha mkono juu.

Roshani ya ghorofa ya tatu ilikuwa imefunguliwa. Bibi Bahiga alisimama pale na koti lake zuri, mikono juu ya chuma, upepo unamvuruga nywele alizozichana.

"Bibi! Shuka! Shuka sasa hivi!"

"Shahenda!" Sauti ya mzee ilikuja nyembamba katikati ya mvua, lakini kila neno lilisikika. "Nilipanda nimuage tu! Nje ya mlango, basi, nirudi zangu! Ulisema si yeye!"

"Bibi, nakuomba!"

"Ulisema hajawahi kuja! Basi niambie, nani kanifungulia mlango?"

Shahenda aliachia glasi ya chai ikavunjika. Alifungua zipu ya mkoba, akatia mkono. Ufunguo ulikuwemo.

Mtu mmoja nyuma yake alianza kusoma Ayat al-Kursiy.

"Fremu ya mlango imepinda," Raafat alimnong'oneza, midomo myeupe. "Ukuta umeikamua mpaka kitasa kimejitoa. Shahenda, jengo limeshaanza safari. Mwambie ashuke. Mwambie chochote."

Mwambie chochote. Amwambie nini? Ukweli alishamwambia, na ukweli ndio uliompandisha ngazi zile kwenda kuaga. Akimweleza habari ya fremu na kitasa, mzee atakaa chini kabisa, maana hana tena wa kushuka kwa ajili yake. Machozi yalimchanganyikia na mvua. Alikusanya mikono mdomoni.

"Ni yeye, Bibi!" alipiga kelele. "Nilikosea! Ni Babu! Kakufungulia akuchukue! Anataka mshuke wote! Mfuate, Bibi, mfuate ushuke!"

Raafat aligeuka kumtazama. Hakuna aliyecheka.

Pale juu, uso wa Bibi Bahiga ulifunguka kama wa msichana aliyeitwa jina lake. Aligeuka nyuma, kuelekea giza la chumba. Alinyoosha mkono, kiganja chini, kama mwanamke anayesubiri kushikwa.

"Haya, tangulia wewe," walimsikia akisema. "Ngazi zina giza."

Akaingia ndani.

Shahenda alikimbia. Raafat alimdaka kwa nyuma, akabaki na koti mikononi. Shahenda alivuka maji ya barabara, akapita mlango mkuu, akasimama chini ya ngazi. Vumbi jeupe lilikuwa likiteremka katikati ya ngazi, pole pole, bila sauti. Lifti ilikuwa imekwama. Chumba cha Bakhit kilikuwa kitupu. Ko ya ukutani haikusikika tena.

"Bibi!"

Kisha, ghorofa ya tatu, nyayo zikaanza kushuka.

Za Bibi alizijua. Nyepesi, na mguu mbaya ukiburutwa, pumziko kila ngazi. Alitaka kulia kwa furaha. Akaweka mguu ngazi ya kwanza kumpokea, akasita.

Huko nje mzee Bakhit alikuwa bado anawaapia watu kwamba hakubaki kiumbe ila Bibi Bahiga.

Nyayo zilikuwa za watu wawili. Za pili zilikuwa nzito, za kiatu cha mwanamume, nazo ndizo zilizotangulia.